MySQL, MariaDB au PostgreSQL: nani ameshika funguo za hifadhidata yako?

Mfumo wa kupangia vyumba wa nyumba ya wageni Paje, orodha ya wanafunzi wa skuli Wete, hesabu za ushirika wa akiba na mikopo Mwanakwerekwe, kumbukumbu za dawa za zahanati Mkoani: chini ya kila kimoja ipo hifadhidata, na mara nyingi ni moja kati ya hizi tatu. Zote ni programu huria, zote hupakuliwa bila kulipa hata senti, na kwa kazi za ukubwa huu zote zina kasi ya kutosha. Kuzilinganisha kwa kasi ni kupoteza muda. Tofauti inayokuja kuuma baada ya miaka mitano iko kwingine: nani anaimiliki, anaweza kubadilisha nini bila kukuuliza, na siku ukitaka kuondoka itakugharimu nini.

Mwenye nyumba ya wageni hana haja ya kujua SQL, lugha ya kuongea na hifadhidata, ili aulize swali la maana: "Mwanangu, hii ya bure itabaki ya bure mpaka lini?" Fundi anayemjibu "milele, Bi Mkubwa" hajaangalia. Jibu liko kwenye funguo tatu: hakimiliki ya msimbo pamoja na leseni yake, jina la biashara, na ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye hazina ya msimbo. Tazama kila ufunguo umeshikwa na nani.

MySQL: funguo zote tatu kwa Oracle

MySQL ilianza Sweden mwaka 1995, mikononi mwa Michael Widenius, ambaye wengi humwita Monty, pamoja na David Axmark na Allan Larsson. Kampuni yao, MySQL AB, iliutoa msimbo kwa leseni ya GPL toleo la 2, leseni huria inayomtaka anayesambaza atoe vyake kwa masharti yale yale, huku ikibaki na hakimiliki yote, ili imuuzie leseni nyingine mteja asiyetaka masharti ya GPL. Utaratibu huo uliwalipa mishahara watu wengi, na ndio pia uliofanya MySQL iuzike nzima nzima. Sun Microsystems iliinunua mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2009 Oracle, ambayo biashara yake kubwa ni hifadhidata ya kulipia, ilikubaliana kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4.

Tume ya Ulaya iliichunguza biashara hiyo kwa miezi kadhaa, na sababu kubwa ilikuwa MySQL. Desemba 2009 Oracle ilitoa ahadi kumi hadharani, mojawapo ikiwa kuendelea kutoa MySQL chini ya GPL. Ahadi zilikuwa za miaka mitano. Muda wake ulikwisha Januari 2015. Ununuzi ulikamilika tarehe 27 Januari 2010. Siku hiyo Unguja ilikuwa gizani tangu Desemba, kwa sababu njia ya umeme ya chini ya bahari kutoka Bara ilikuwa imeharibika na ilikuwa moja tu. Umeme haukurudi mpaka Machi. Hofu ya watengenezaji programu kuhusu MySQL ilikuwa ya namna hiyo hiyo. MySQL yenyewe ilikuwa nzuri, ila ni waya mmoja na swichi iko kwa mtu mwingine.

Haki isemwe: Oracle haijaifunga MySQL. Matoleo ya 5.6, 5.7 na 8.0 yalikuja na kazi ya maana, hasa kwenye InnoDB, injini yake ya kuhifadhi majedwali, na toleo la bure lingali GPL. Kilichobadilika ni mahali ambapo mambo mapya yanawekwa. Mwaka 2011 zilitangazwa nyongeza za toleo la kulipia tu, zikiwemo ile ya kugawana nyuzi za maunganisho na ile ya kuthibitisha watumiaji kupitia PAM, mfumo wa Linux wa kuhakiki anayeingia. Mwaka 2012 majaribio yanayoambatana na marekebisho ya hitilafu yakaanza kufichwa. Hilo liliwaudhi watunzaji wa mifumo ya Linux kuliko jingine lolote, maana bila jaribio huwezi kuhakikisha kwamba kiraka ulichokipeleka kwenye toleo la zamani kinaziba tundu kweli. Mfano wa karibuni zaidi ni MySQL 9.0 ya mwaka 2024, iliyoleta aina ya data ya vekta, yaani orodha za namba, kwa ajili ya kazi za akili mnemba. Unaweza kuzihifadhi vekta hizo bure; kupima umbali baina ya vekta mbili, ambako ndiko kazi yenyewe iliko, kuliwekwa kwenye huduma ya wingu ya Oracle iitwayo HeatWave.

Basi usitarajie MySQL kufungwa ghafla. Tarajia toleo la bure kubaki nyuma pole pole. Kwa skuli yenye wanafunzi 800 hilo linaweza lisiwe tatizo kabisa. Kwa anayejenga bidhaa ya kuuza kwa hoteli ishirini, ni tatizo la kuliangalia mapema.

Jambo la haraka kwa walioko MySQL sasa ni namba ya toleo. Msaada wa 5.7 uliisha Oktoba 2023, na mwisho wa 8.0 ni Aprili 2026. Toleo la muda mrefu ni 8.4, lililotoka Aprili 2024. Ukisakinisha kwa apt kwenye Ubuntu 24.04 unapewa 8.0, kwa hiyo 8.4 utaichukua kwenye hazina ya Oracle yenyewe. Angalia kwa SELECT VERSION(). Kabla hujaendelea kusoma.

MariaDB: mmiliki amebadilika, lakini mikono yake imefungwa

Monty aliondoka Sun mwaka 2009 na kuanzisha MariaDB kutoka kwenye msimbo ule ule wa MySQL. Taasisi ya MariaDB Foundation iliundwa mwishoni mwa 2012 kulinda mradi. Wikipedia ilihamia huko 2013, na Debian 9 ya mwaka 2017 ikaifanya MariaDB kuwa chaguo lake la kawaida badala ya MySQL. Ndiyo maana wengi wenu mnaosema "naendesha MySQL" kwenye Debian mnaendesha MariaDB bila kujua.

Pembeni mwa taasisi ipo kampuni, na safari yake haikuwa nyepesi. Iliingia soko la hisa la New York Desemba 2022, hisa ikaporomoka, na mwaka 2024 kampuni ya uwekezaji ya K1 ya Marekani ikainunua kwa senti 55 za dola kwa hisa na kuitoa sokoni. Anayesikia habari hiyo huuliza: si ni yale yale ya Oracle?

Si yale yale, na sababu iko kwenye hakimiliki. Sehemu kubwa ya msimbo wa seva ya MariaDB ilirithiwa kutoka MySQL, na mwenye hakimiliki ya sehemu hiyo ni Oracle. MariaDB inautumia kwa ruhusa ya GPL toleo la 2, na GPL inamtaka anayesambaza atoe vyake kwa GPL vile vile. Mmiliki mpya hata akitaka, hawezi kuibadilishia seva leseni. Waliochangia pia hawalazimiki kuikabidhi taasisi haki zao. Wanaweza kutoa msimbo wao kwa leseni ya BSD, ambayo haina masharti mengi.

Kisichofungwa ni kilicho pembeni ya seva. MaxScale, programu ya kusambaza maombi kwa seva kadhaa, ilihamishiwa leseni ya BSL mwaka 2016, leseni inayozuia matumizi fulani ya kibiashara kwa muda kabla msimbo haujawa huria. Kanuni ya kufuata ni rahisi: tegemea seva, usitegemee MaxScale, na kama unahitaji kusambaza maombi tumia HAProxy au ProxySQL. Kazi nyingi ambazo MySQL huzitoza, MariaDB imeziweka kwenye seva ya bure: kugawana nyuzi, PAM, kumbukumbu za ukaguzi, na mariadb-backup inayonakili data huku watu wakiendelea kufanya kazi. Kwa ushirika wa mikopo, ile ya ukaguzi peke yake inatosha kuwa sababu ya kuchagua, kwa kuwa mkaguzi ataulizia nani alibadilisha salio na saa ngapi.

Chukua toleo la muda mrefu: 10.11, linalotunzwa mpaka Februari 2028, au 11.4, mpaka Mei 2029.

PostgreSQL: hakuna mtu wa kumnunua

Mradi wa Postgres ulianza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na jina la PostgreSQL lilikuja 1996. Leseni yake ni fupi na huru kuliko GPL: yeyote anaweza kuchukua msimbo, kuufunga, na kuuza bidhaa yake. Mtu mwangalifu ataona hapo hatari, kwa sababu leseni ya aina hiyo ndiyo ile ile ya BSD iliyoiruhusu kampuni ya Redis, hifadhidata nyingine, mwezi Machi 2024 kuyaweka matoleo mapya chini ya masharti magumu, baada ya kusema mwaka 2018 kwamba Redis yenyewe itabaki BSD daima. Ndani ya siku chache watengenezaji walijitenga na kuanzisha Valkey, tawi huria la Redis, chini ya Linux Foundation. Mei 2025 Redis ikarudi na leseni huria ya AGPL, lakini Valkey ilikuwa imeshaingia kwenye mifumo ya watu.

Tofauti ya PostgreSQL ni funguo mbili zilizobaki. Hazina ya msimbo haiko chini ya kampuni yoyote, na timu kuu hufuata desturi ya kutoruhusu zaidi ya nusu ya wanachama wake kuajiriwa na mwajiri mmoja. Desturi hiyo ilijaribiwa mwaka 2020, kampuni ya EDB ilipoinunua 2ndQuadrant, zote za huduma za PostgreSQL, na ghafla wanachama wengi wakawa na mwajiri mmoja; timu ikatangaza kwamba itaongeza watu kurudisha uwiano, na ikafanya hivyo. Jina nalo linashikiliwa na chama cha jumuiya, ingawa hapo pia palizuka mvutano mwaka 2021, pale taasisi moja ya Hispania isiyo sehemu ya mradi ilipoomba kujisajilia jina hilo. Anayetaka kuimiliki PostgreSQL atanunua kampuni moja, na wachangiaji walioajiriwa kwingine wataendelea na kazi.

Toleo kubwa hutoka kila mwaka karibu na Septemba na hutunzwa miaka mitano. Marekebisho madogo huja Februari, Mei, Agosti na Novemba. Kwa mtu mmoja anayehudumia seva za wateja kumi kati ya Chake Chake na Mkoani, ratiba isiyoyumba ina thamani kubwa, maana safari za marekebisho unazipanga mwanzo wa mwaka.

Gharama zake zipo. Kila muunganisho ni mchakato wake kwenye kumbukumbu ya mashine, na kiwango cha kawaida ni miunganisho 100. Mashine ya GB 4 yenye programu ya wavuti inayofungua miunganisho ovyo itaanza kusota, na hapo unaweka katikati PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho. Kuhama toleo kubwa ni kazi ya makusudi. Kwenye Debian, baada ya kupandisha mfumo mzima, utakuta PostgreSQL mpya imeundwa tupu kwenye mlango 5433 huku ya zamani ikiendelea 5432 na data yote. Mafundi huiona ile tupu wakadhani data imepotea, wakaanza kurejesha nakala ya wiki iliyopita juu yake. Endesha kwanza pg_lsclusters uone zote mbili, kisha ifute ile tupu kwa pg_dropcluster, halafu pg_upgradecluster ihamishe. Soma namba ya toleo mara mbili kabla ya kufuta.

Programu unayoendesha huenda imeshaamua

Kabla ya mjadala wa umiliki, angalia unachotaka kukiendesha juu yake. WordPress inataka MySQL au MariaDB. Koha ya maktaba na OpenMRS ya hospitali ziko upande huo huo, na ERPNext ya usimamizi wa biashara kwa kawaida hupendelea MariaDB. Odoo, nayo ya biashara, inataka PostgreSQL peke yake. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika hapa Zanzibar, unaendeshwa juu ya PostgreSQL na nyongeza yake ya ramani ya PostGIS, hivyo kijana anayetaka ajira kwenye mifumo ya afya ajifunze hiyo. Moodle ya masomo ya mtandaoni inakubali zote tatu. Hosti za bei nafuu za cPanel kwa kawaida hutoa MySQL au MariaDB tu.

Ukiwa huru kuchagua, ushauri wetu hauna kona. Mfumo mpya unaouandika mwenyewe, weka PostgreSQL. Mfumo wa PHP ulioko tayari, weka MariaDB. MySQL ibaki pale mtengenezaji wa programu anapoitaja kwa jina na kukataa kuhudumia nyingine, na hapo iwe 8.4.

Kwa umeme wetu unaokatika bila taarifa, zote tatu huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya data yenyewe, na hujirekebisha zinapowaka tena. Zinazoharibika au kupoteza miamala ya mwisho ni zile zilizochezewa: mtu amezima fsync (inayohakikisha data imefika kwenye diski) kwenye PostgreSQL ili iwe na kasi, au ameacha innodb_flush_log_at_trx_commit ikiwa 0 kwenye MySQL na MariaDB. Mifumo ya zamani pia hubeba majedwali ya MyISAM, injini ya zamani ya MySQL, ambayo hayana kinga hiyo. Yatafute kwenye information_schema.tables kwa engine='MyISAM', kisha yageuze moja moja kwa ALTER TABLE ... ENGINE=InnoDB baada ya kuchukua nakala.

Gharama ya kuhama

Toka MySQL 8.0 kwenda MariaDB si kubadilisha kifurushi na kuwasha. Mafaili ya data hayasomeki upande wa pili, lazima utoe nakala ya maandishi:

mysqldump --single-transaction --routines --triggers --events hoteli > hoteli.sql

Ukiiingiza kwenye MariaDB kikwazo cha kwanza mara nyingi ni kosa namba 1273, kwa sababu MySQL 8.0 hupanga herufi kwa utf8mb4_0900_ai_ci na matoleo mengi ya MariaDB hayaijui. Badilisha ndani ya faili:

sed -i 's/utf8mb4_0900_ai_ci/utf8mb4_unicode_520_ci/g' hoteli.sql

Watumiaji usiwahamishe, watengeneze upya kwa CREATE USER, maana namna MySQL 8.0 inavyohifadhi nywila ni tofauti. Kisha pekua msimbo wa programu utafute alama za -> na ->> zinazochambua JSON. MariaDB haizikubali, andika JSON_EXTRACT au JSON_VALUE. Kikwazo cha upande wa pili kinawashangaza wengi: tangu katikati ya 2024 nakala zinazotolewa na mariadb-dump huanza na mstari wenye maneno "enable the sandbox mode", na programu ya MySQL ikiusoma inagoma papo hapo. Uondoe kwa tail -n +2 na faili litaingia.

Kwenda PostgreSQL ni kazi nzito zaidi, na uzito wake uko kwenye msimbo wa programu kuliko kwenye data. Programu ya pgloader itakuhamishia majedwali, tarehe za 0000-00-00 itazigeuza kuwa tupu, na tinyint(1) itaifanya ndiyo au siyo. Ikigoma kuingia MySQL 8.0, mtengenezee mtumiaji wa muda anayetumia mysql_native_password, njia ya zamani ya nywila.

Baada ya hapo kaa na mpokezi wa hoteli mezani kwake. Ataandika "mwinyi" kwenye kisanduku cha kutafuta, na mgeni aliyesajiliwa "Mwinyi" hatatokea. MySQL kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inatofautisha. Mpokezi atamsajili mgeni mara ya pili, na mwisho wa mwezi hesabu ya vyumba haitalingana. Badilisha LIKE kuwa ILIKE kwenye utafutaji, na safu za majina na barua pepe zifanye citext, aina ya maandishi isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo. Halafu jaribu kuingiza mgeni mpya. Ukipata kosa la ufunguo uliorudiwa, kihesabu cha namba hakijasogezwa mpaka kwenye namba kubwa iliyopo. Kisogeze kwa setval kwenye kila jedwali lenye namba zinazojiongeza.

Fanya uhamisho msimu wa masika, Aprili au Mei, wageni wanapopungua na hoteli nyingi za pwani kufunga. Chukua nakala, ingiza kwenye mashine ya pembeni, linganisha idadi ya safu kwa kila jedwali na jumla ya malipo kwa kila mwezi wa mwaka uliopita. Zikilingana, hamisha. Seva ya zamani usiizime: iweke read_only na uiache iwake mpaka mhasibu afunge hesabu za mwezi mzima kwenye mpya.